Mfalme Anayelazimika Kurudi

Tarehe 2 Machi 1629, Spika John Finch aliinuka kuahirisha kikao cha Bunge la Uingereza, kama alivyoagizwa na Mfalme Charles wa Kwanza. Wabunge wawili, Holles na Valentine, walimkamata wakamkalisha tena kwa nguvu. Akiwa amebanwa hivyo kitini, wenzao wakaazimia kwamba anayelipa kwa hiari ushuru usioidhinishwa na Bunge anausaliti uhuru wa nchi. Mfalme akalivunja Bunge, akatawala miaka 11 bila kuliita.

Kinachonishughulisha zaidi ni kilichotokea kabla ya purukushani hiyo. Juni 1628 Charles huyohuyo alikuwa ameridhia Ombi la Haki, lililosema kwamba hakuna kodi bila ridhaa ya Bunge na hakuna kumfunga mtu bila kutaja kosa lake. Maneno yaliandikwa, yakasomwa mbele yake, akayakubali. Mwaka haukuisha kabla hajaanza kuyakiuka. Basi ahadi ya mwenye nguvu ina uzito gani?

Thomas Hobbes, katika kitabu chake Leviathan cha mwaka 1651, alijibu bila kusita. Mwenye enzi hafungwi na sheria zake, kwa kuwa awezaye kufunga aweza pia kufungua, na aliyejifunga mwenyewe hajafungwa. Kuhusu ahadi, naamini Hobbes alisema kweli. Mtawala ndiye aliyeitoa, ndiye anayeifasiri, na siku anapobanwa ndiye anayetangaza kwamba sasa ni dharura. Charles alipita njia hiyohiyo. Alidai nchi imo hatarini, akatoza pesa za kuunda meli hata katika majimbo ya bara yaliyo mbali na pwani. John Hampden alikataa kulipa shilingi 20. Kesi yake ikasikilizwa na majaji 12, na 7 kati yao wakampa mfalme haki. Hata mahakama, basi, ilikubali kwamba mwenye kuamua kuna hatari ni yuleyule anayenufaika na hatari hiyo.

Lakini kuna kifungo ambacho Hobbes hakukipima sawasawa. Mtu anaweza kufungwa bila kuahidi lolote, kwa kuwa tu anahitaji kitu kilicho mikononi mwa wengine. Mwaka 1637 Charles aliwalazimisha Waskoti kutumia kitabu kipya cha sala, nao wakaasi. Vita vilitaka askari, askari walitaka mishahara, na pesa za meli hazikutosha. Aprili 1640 akaliita Bunge. Ombi la Haki lilikuwa limekaa miaka yote hiyo bila kumsogeza hata hatua moja. Hazina tupu ndiyo iliyomrudisha kwa watu wake, na ndiyo maana nasema kwamba mpaka wa mamlaka uko pale mtawala asipoweza kufanya jambo peke yake.

Hata hivyo uhitaji hauna maadili, na anayeshika mfuko wa pesa aweza naye kulewa. Mwaka 1641 Bunge lilijipatia sheria kwamba haliwezi kuvunjwa bila ridhaa yake lenyewe. Kuanzia hapo halikulazimika tena kurudi kwa waliolichagua. Vita kati ya mfalme na Bunge vikafuata, na Desemba 1648 jeshi la Bunge likawafukuza wabunge wasiolipendeza, na waliobaki wakamfikisha mfalme mahakamani. Charles akauliza ni kwa mamlaka gani wanamhukumu, akakataa kujibu mashtaka. Swali lake lilikuwa halali, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amelikwepa muda wote wa utawala wake. Halikupata jibu. Alikatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649, na miaka minne baadaye Oliver Cromwell, mkuu wa jeshi hilo, akaingiza askari ukumbini akalitimua Bunge hilohilo.

Ufalme uliporudi mwaka 1660, somo hili lilianza upya kwa upande wa pesa. Charles wa Pili alipokea fedha kutoka kwa Louis wa 14 wa Ufaransa, na miaka yake minne ya mwisho alitawala bila Bunge. James wa Pili alipewa mapato ya maisha mwaka 1685. Novemba mwaka huo akaahirisha Bunge, na halikukutana tena chini yake. Mtawala akishapata fedha ambazo hahitaji tena kuziomba kwa anaowatawala, hana sababu ya kuwasikiliza.

Baada ya James kukimbia, Sheria ya Haki ya 1689 ilikataza kodi na jeshi la wakati wa amani bila ridhaa ya Bunge. Watu huisifu sana, na inastahili. Mimi navutiwa zaidi na jambo dogo la mwaka huohuo: mamlaka ya kuwaadhibu askari waasi yalitolewa kwa muda mfupi, kisha yakawa yanaombwa upya karibu kila mwaka. Mwaka uliofuata, mfalme mpya, William, akapewa ushuru wa forodha kwa miaka minne tu. Safari hii wabunge hawakutegemea tabia ya mfalme. Walimwekea tarehe ya kurudi.

Haya Waingereza waliyajua vizuri sana nyumbani kwao, na ndiyo sababu nashindwa kuyasoma kama historia ya mbali. Mwaka 1901 serikali ya taji hilohilo ilianza kuwatoza Waafrika kodi ya kibanda katika eneo ambalo leo ni Kenya, na wengi wakasukumwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi ili wapate fedha za kulipa. Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1907. Mwafrika wa kwanza kukaa ndani yake, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, tena kwa kuteuliwa na Gavana. Kwa zaidi ya miaka 40 kodi ilikusanywa bila mtu yeyote kulazimika kurudi kwa walipaji na kuomba. Waafrika walipopiga kura kuchagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza mwaka 1957, haki hiyo ilitolewa kwa kupima elimu, kipato na mali, kiasi kwamba mmoja aliweza kuwa na kura tatu, huku jirani yake, aliyelipa kodi miaka yote, akikosa hata moja.