Una Nani Huko?

Nilipomwambia mama kwamba nakwenda Kigali, aliacha kuchambua mchele akaniuliza: "Una nani huko?"

Nikamjibu sina mtu.

"Sasa unafuata nini?"

Hapo nikakosa la kusema. Kwetu Mwanza mtu husafiri kwa sababu inayotajika: msiba, harusi, mzigo wa biashara, shule, hospitali. Hata ukienda Dar es Salaam unamfikia shangazi, nawe hufiki mikono mitupu. Kufunga safari kwenda kuona tu, mahali ambapo huna mwenyeji, tena na pesa ya kuhesabu, hilo tuliliona ni la Wazungu wenye mashanta makubwa tunaopishana nao stendi.

Naandika kwa ajili yako wewe uliyeulizwa swali hilohilo, ukakosa jibu kama mimi, ukarudisha begi uvunguni mwa kitanda. Litoe. Nilikwenda bila jibu, na jibu nikalikuta kulekule.

Tuliondoka alfajiri, tukapita Geita na Biharamulo, tukafika Rusumo jua limeshapinda. Mpaka ni Mto Kagera. Nilipovuka daraja nilikumbuka aliyotusimulia baba: mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka hapa kuingia Ngara, wengi wao katika muda wa siku moja hivi, wakikimbia kutoka Rwanda. Mimi nilikuwa naelekea walikotoka, na begi lenye nguo tatu. Miguu ilikuwa mizito kidogo.

Ng'ambo ya pili nilibadilisha shilingi zangu kwa kijana wa barabarani bila kuulizia kwanza bei ya siku hiyo. Alinipunja, na nikaumia sana, maana pesa yenyewe ilikuwa ndogo. Ulizia bei kwa watu wawili watatu kabla hujafungua pochi. Mimi somo hilo nimelilipia ada. Kisha gari likahamia kulia mwa barabara, kwa kuwa Rwanda huendesha upande huo, na mwili mzima ukajua kwamba umetoka kwao.

Kigali haijitokezi yote kwa mara moja. Mji umekaa juu ya vilima. Unauona, gari linazama bondeni, unaupoteza, mara unaibuka upande usioutarajia. Tulishuka Nyabugogo, stendi iliyo chini kabisa, saa ya simu yangu ikisema saa kumi na mbili jioni. Saa za wenyeji zilisema saa kumi na moja. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, na mwanga ulikuwa bado upo; kwa msafiri asiye na chumba huo ni mali.

Dereva wa pikipiki alinipa kofia ngumu hata kabla hatujapatana bei. Nikasogea mbele ili abiria wa pili apate pa kukaa. Hakuwepo wa pili. Mimi niliyekulia kwenye mshikaki, watu watatu juu ya boda moja, nilipanda peke yangu kama kiongozi, tukaanza kukwea. Njia nzima sikuona mfuko hata mmoja ukipeperuka. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, sisi tukafuata Juni 2019. Kabla hatujafika juu ya kilima nilikuwa nimeshakata shauri: huu ni mji wa watu waliopangika, wasiopenda fujo, huenda hata wagumu kuzoeleka. Nusu saa tu, nami nilikwisha kuwahukumu watu zaidi ya milioni moja.

Nilishukia Nyamirambo kwa sababu niliambiwa vyumba ni nafuu na Kiswahili kinasikika. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini huku, hasa kile kipande kiitwacho Biryogo, hakikungoja sheria. Kilikuja enzi za ukoloni pamoja na wafanyabiashara na Waislamu waliokaa mtaa huu, kikabaki. Nilisikia adhana, nikasikia mtu akigombana na mwenzake kwa Kiswahili safi, nikajihisi nimeshushwa mtaa wa pili kutoka kwetu.

Palikuwa na mama anauza chai na chapati. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaweka birika chini.

"Marahaba, mwanangu. Wewe umetoka Tanzania." Kisha, bila kupumua: "Umefikia kwa nani?"

Swali la mama yangu, kwa maneno mengine, limevuka mpaka kunitangulia. Nikasema sijafikia kwa mtu.

"Basi umefikia kwangu," akasema, akanimiminia chai. Nilipomaliza alimwita mwanawe anipeleke gesti anayoijua, tena akamwagiza asikubali bei ya kwanza. Kijana hakuikubali.

Nataka ulitazame jambo hilo kwa makini, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Laiti ningekuwa na fedha ya hoteli, gari lingenitoa stendi hadi mapokezi, ufunguo ungewekwa mezani, na nisingekuwa na haja ya kumwamkia mtu yeyote Kigali. Uhaba wa fedha ndio ulionilazimisha kufungua mdomo. Wewe unauhesabu kama sababu ya kubaki nyumbani; mimi ndio ulionipa mwenyeji. Usiniambie utasafiri ukishapata. Ukishapata utasafiri kwa namna nyingine, na mama huyu hutamwona, utapita mbele ya kibanda chake na vioo vya gari vimepandishwa.

Kesho yake, Ijumaa, nilitembea kwa miguu hadi Gisozi, kilima kwa kilima, nikiuliza njia. Kuingia kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi ni bure. Hapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Sitaeleza niliyoyaona ndani, nenda mwenyewe, na ukienda usiende na haraka. Nitasema nilichoona nilipotoka: vilima vilevile vya jana, barabara zilezile zilizofagiwa. Jana niliita ni mpangilio. Sasa nilijua kwamba kila mwenye umri wa kutosha niliyepishana naye alikuwa na mwaka huo kifuani, na kwamba wanaofagia barabara moja huenda walikuwa pande mbili za jambo lile. Hukumu niliyoitoa juu ya pikipiki niliifuta hapo.

Jumamosi niliamka nikakuta mtaa umenyamaza. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, ambapo kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi maduka hufungwa na watu wazima hutoka kufanya kazi za mtaa. Mwenye gesti alikuwa ameshavaa mabuti. Akanitazama, akanitolea jembe.

Tangu utoto nimesikia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilidhani ni maneno ya kuwafukuza wageni waliokaa sana. Siku yangu ya tatu Kigali nilipewa jembe la kweli, lenye mpini, nikasimama ndani ya mtaro pamoja na watu nisiowajua majina, tukazoa tope. Kushoto kwangu alikuwa mzee mmoja aliyenifundisha Kinyarwanda kwa kunyoosha kidole: amazi, inyama, umuntu. Maji, nyama, mtu. Tulicheka wote wawili, tumegundua kwamba lugha zetu ni watoto wa nyumba moja. Baada ya kazi tuliketi mkutanoni. Nusu ya yaliyosemwa sikuyaelewa. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimefuata nini, na siku hiyo ningeweza kujibu.

Sasa wewe. Pita ofisi ya Uhamiaji wiki hii uulize ni hati gani inayokufaa kuvukia. Pata kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chagua mji ambao basi linafika na Kiswahili chako kinafika pia, nayo ni mingi kuliko unavyodhani: Mombasa, Bujumbura, Kampala, hata Lubumbashi ukijaliwa muda. Fedha ya nauli ya kurudi itenge mbali na nyingine, usiiguse hata kwa njaa. Panga ufike mchana. Siku ya kwanza usipande chochote, tembea mpaka miguu ikujue, ule wanapokula wabeba mizigo na madereva, maana hao hawana fedha ya kutupa kwenye chakula kibaya. Na uliza. Hata unachokijua, uliza.

Kwako dada yangu, najua swali huja na uzito maradufu, na baadhi ya hofu za wazazi zina msingi. Usizidharau. Mwachie mtu wa nyumbani jina la gesti na namba ya simu, piga kila jioni saa ileile, giza likikukuta usione haya kukaa ndani. Kisha nenda. Nimekwenda peke yangu, na kofi la bega nililopigwa na yule mzee wa mtaroni bado nalisikia.

Nilikaa Kigali siku sita. Nilipoaga, mama wa Biryogo alinifungia chapati nne kwenye karatasi, akasema mbili ni za mama yangu. Zilifika Mwanza zimekauka. Mama alizipasha kwenye kikaango, akala, akauliza huyo mwanamke ana watoto wangapi.

Wiki iliyopita nilimwambia nakwenda Kampala. Alikuwa anachambua mchele, na safari hii hakuuacha.

"Basi lako linaondoka saa ngapi?"