Usiseme Kesho, Mkristo wa Pwani!

Unajua. Usiniambie hujui! Unajua boriti zile zilikatwa wapi, unajua samaki yule aliuawa na nini, unajua mama yule mjane amelala kwa nani tangu nyumba yake ianguke. Unajua yote hayo, na Jumapili umekaa benchi la mbele unaimba.

Mkristo wa Kilwa Masoko, amka! Mkristo wa Kivinje, wa Somanga, wa Lindi mjini, amka! Asiyemjua Mungu ana wahubiri wake. Mimi nakutafuta wewe uliyebatizwa, uliyepata kipaimara, unayetoa fungu la kumi, wewe ambaye kila ukiguswa moyoni unajibu: baada ya ufuta. Ufuta ukiuzwa, unasema baada ya korosho. Korosho zikilipwa, unasema tupishe Krismasi kwanza.

Farao naye alikuwa hivyo. Vyura wamejaa kitandani, wamejaa mekoni, wamejaa kwenye vyombo vya kukandia unga. Musa anamwambia: taja mwenyewe siku, niombe waondoke. Na mfalme yule, anayelala na vyura, akasema kesho! Kila nikifika hapo kwenye Kutoka nafunga kitabu kwanza. Angeweza kusema sasa hivi, akajiongezea usiku mmoja na vyura!

Wewe umejiongezea usiku ngapi?

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitufikia. Kilipiga Mafia, kikapiga Kilwa, kikatikisa Lindi. Barabara ya Dar es Salaam ikakatika Somanga, mabasi na malori yakasimama huku na huku, abiria wakalala walipokwamia. Wazee walipokuwa wanatusimulia kimbunga cha Aprili 1952 kilichoipiga Lindi, tuliwasikiliza kama wanaosimulia ya Nuhu. Siku ile tukaelewa. Tukapiga magoti, tukalia, tukaahidi. Kisha maji yakapungua, magreda yakaja, mabasi yakapita, na ahadi zetu zikapanda mabasi hayo hayo zikaenda zake.

Rudi! Ulichoahidi bado kinakudai.

Uliahidi mikoko. Unajua kazi yake kuliko mimi, maana umekulia ndani yake: inalivunja wimbi kabla halijafika uani kwako, inashika tope lisikokotwe na maji, inalea kamba na samaki wachanga mpaka wapate nguvu ya kwenda kilindini. Na bado mnaikata! Mnaikata kwa boriti, mnaikata kwa kuni za tanuri la chokaa, mnaifyeka mpanue mashamba ya chumvi.

Vuka uende Kilwa Kisiwani ukajionee. Magofu yale na ya Songo Mnara yaliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaingizwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, maana bahari ilikuwa inakula ukingo, na upande wa ngome ya Gereza umekwisha kumezwa. Miaka kumi ikapita ndipo yakatolewa kwenye orodha hiyo, na katika kazi iliyofanyika kuyaokoa, pamoja na kuta za mawe, ilikuwamo ya kupanda mikoko. Ngome ya jiwe na chokaa imehitaji kukingwa na mti! Nyumba yako ya fito na udongo inakingwa na nini?

Sasa nasema na kamati ya ujenzi, na msinikasirikie. Kanisa mnalojenga, boriti zake zimetoka wapi? Zina kibali cha Wakala wa Misitu? Au zimeshushwa usiku, mtumbwi ukiwa hauna taa? Daudi alikataa kumtolea Mungu sadaka asiyoilipia. Ninyi mtamtolea paa lililoibwa kwenye ukuta wa jirani? Simamisheni ujenzi! Ulizeni! Afadhali msali chini ya mwembe mwaka mzima.

Na wewe mama unayekaanga samaki, na wewe baba unayemnunua kwa bei poa, njooni hapa karibu. Mshike samaki huyo. Mbonyeze: nyama imelegea. Mpasue: tumbo limevilia damu, uti wa mgongo umeachana na nyama, kibofu kimepasuka. Hakunaswa na nyavu huyo wala ndoana. Ni samaki wa bomu! Na aliyefika sokoni ni mmoja tu, wenziwe wengi wamezama pale pale wakaoza chini, na mwamba uliowalea umekuwa kifusi. Baruti imepungua, ashukuriwe Mungu na wote waliokesha baharini kwa doria. Lakini kupungua siyo kwisha, na anayeirusha anairusha kwa sababu yuko anayenunua. Acha kununua! Leo, kwenye beseni hilo hilo, mbele ya muuzaji huyo huyo, rudisha mkono mfukoni!

Sheria ya Musa ina amri moja ndogo ambayo tunaipita haraka. Ukikuta kiota njiani, chukua makinda, lakini mama yao mwache aende. Na ahadi iliyofungwa kwenye amri hiyo ni ile ile ya kuwaheshimu baba na mama: upate heri, uishi siku nyingi! Mungu amemweka ndege wa njiani karibu hivyo na wazazi wako. Baruti inachukua mama, inachukua makinda, inachukua na kiota.

Najua utaniambia: mpiga baruti mwenyewe ni mtoto wa shangazi. Nimtie polisi? Bwana ametuonyesha pa kuanzia. Mwendee peke yako, uso kwa uso, kabla jua halijazama. Asiposikia, rudi na wawili. Asiposikia, sema mbele ya wote, peleka na kwa BMU, kikundi cha wanakijiji cha kulinda bahari. Lakini usimwendee mikono mitupu! Kijana huyo ana njaa, ana mke mjamzito, ana deni la mafuta ya boti. Mfuko wa jumuiya una hela ya sherehe, una hela ya sare za kwaya, una hela ya kipaza sauti kipya. Ukose hela ya jarife moja? Mnunulieni nyavu halali, mkae naye mpaka azoee, ndipo mmkemee kwa haki.

Na yule mjane je? Unaweza kupanda miti elfu moja, ukapigwa picha na mche mkononi, na jirani yako bado analala kwa watu. Mungu aliyemweka Adamu bustanini aitunze ndiye aliyemuuliza Kaini ndugu yako yuko wapi. Usichague swali moja ukaacha la pili! Simamisha nyumba yake. Somesha mtoto wake. Mpe kiti kwenye kikao cha kijiji, maana hao wanaokusanya chaza na pweza bamvua kwa bamvua ndio wanaoijua pwani kuliko mwenyekiti.

Unasema haiwezekani, watu wa kwetu hawaelewi. Uongo! Songosongo watu walikubaliana kufunga mwamba wa pweza kwa miezi, wakautazama bila kuugusa, wakaufungua pweza wakiwa wamekua. Ndiyo pumziko la shamba lililoamriwa kwenye Walawi, limetendeka baharini, na wengi wa waliolitenda ni Waislamu. Misali, kule Pemba, wavuvi walihubiriwa kwa Kurani waache baruti. Wewe wa kanisani unangoja tarumbeta?

Kikole, hapa hapa Kilwa, waliuchukua msitu wao mikononi mwao. Wakaupima, wakaulinda na moto, wakakataa kuuza mpingo kwa bei ya kutupa, na mwaka 2009 wakapata cheti kinachotambulika dunia nzima. Mpingo! Mti unaohitaji zaidi ya miaka sabini mpaka ufae kuvunwa. Anayeulinda mche leo hatauona ukifanywa zumari. Analindia nani? Wewe unachoma pori kwa ufuta wa misimu miwili mitatu, kisha unahamia pori jingine. Unaacha nini?

Wala kanisa halikunyamaza. Papa Fransisko aliandika Laudato Si' mwaka 2015, akawataka watu wote waitunze dunia kama nyumba moja. Askofu Fredrick Shoo wa KKKT, kule Kilimanjaro, amepanda na kupandisha miti mpaka akaitwa askofu wa miti. Umehubiriwa! Umefundishwa! Umeonywa!

Liwali Feliksi alimsikiliza Paulo akatetemeka. Akatetemeka kweli! Kisha akamwambia nenda kwa sasa, nikipata nafasi nitakuita. Miaka miwili ikapita, Feliksi akaondoka madarakani, Paulo bado yumo kifungoni. Kutetemeka kwako ibadani kusikudanganye. Hata Feliksi alitetemeka.

Basi leo! Tubu leo, rudisha leo, anza leo. Kabla hujalala, zima simu na upige hodi kwa huyo mtoto wa shangazi.

Na Jumapili hii, ibada ikiisha, msitawanyike. Mtafuteni mzee anayekumbuka mikoko ilikuwa imesimama wapi, awaonyeshe, maana wengi wamepanda pasipo mahali pake na wimbi likang'oa miche yote. Chumeni mbegu zile ndefu zinazoning'inia kwenye mkoko mama, zilizokomaa, zinazoachia zenyewe mkizigusa. Hakuna haja ya kitalu, hakuna haja ya mfadhili, hakuna haja ya mgeni rasmi. Ncha chini, kichwa juu, ndani ya tope. Mzee wa kanisa atangulie, kwaya ifuate, watoto wabebe vikapu. Fupisheni matangazo, mchungaji, maji yanatoka na hayatawangoja! Vueni viatu, ingieni!