Dada Yake Musa na Watoto wa Waliokwenda Uarabuni

  

Ndugu zangu katika imani, kuna neno la Kiarabu ambalo hata asiyejua Kiarabu analijua siku hizi: kafala. Ukilitamka kwetu Buyenzi, Bujumbura, au hapa Mbale, msikilizaji anafikiria viza, paspoti na ajenti. Kafili ni yule tajiri wa Saudia, Oman au Kuwait ambaye kibali cha mfanyakazi cha kuishi nchini kimefungwa kwa jina lake. Saudia ililegeza masharti hayo Machi 2021, lakini watumishi wa nyumbani, ambao ndio mama zetu na dada zetu, hawakuingizwa katika mageuzi yale.

Sasa fungua Qur'ani. Katika Suratu Aal Imran aya ya 37, Allah anatueleza kwamba Nabii Zakariya (A.S.) alifanywa mlezi wa Maryam, na neno lililotumika lina asili hiyohiyo ya kafala. Katika Suratul-Qasas aya ya 12, dada yake Musa anawaelekeza watu wa Firauni kwenye nyumba itakayomlea mtoto, na kitenzi ni hichohicho. Mtume (S.A.W.) naye alipoonyesha kidole cha shahada na cha kati, akaeleza kuwa yeye na mlezi wa yatima watakuwa karibu hivyo Peponi, mlezi huyo alimwita kafili. Kwa hiyo neno hili tangu asili lina mtoto ndani yake. Mama amepata kafili huko alikokwenda. Mtoto aliyebaki huku, kafili wake ni nani?

Sisemi kwamba kusafiri kutafuta riziki ni dhambi. Suratul-Muzzammil, aya yake ya mwisho, inawataja wanaosafiri kutafuta fadhila za Allah pamoja na wanaopigana katika njia Yake, na hiyo ni heshima kubwa. Najua pia kuna masheikh ambao wakifika kwenye mada hii huanza na kumalizia kwa safari ya mwanamke bila maharimu. Suala hilo limo katika fiqhi na wenye elimu kutuzidi wamelieleza. Ila fiqhi hiyohiyo, katika madhehebu yetu ya Shafi, inasema nafaqa ya mtoto mdogo asiye na mali iko juu ya baba yake, na Suratul-Baqara aya ya 233 imeweka chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha juu ya baba. Wengi wa akina mama wanaopanda ndege ninaowajua mimi waliacha nyuma mume aliyechoka kutoa, au mtalaka ambaye hajawahi kutoa hata senti. Wengine, na hili linaniuma zaidi, waliacha mume ambaye kila mwisho wa mwezi ndiye anayekwenda kuipokea ile hawala, na mtoto anaenda shule na kiatu kilichopasuka. Hotuba inayomkemea aliyeondoka ikampita aliyekaa kibarazani, mimi naiona imefika nusu.

Watu hupenda kutoa mfano wa Nabii Ibrahim (A.S.), kwamba naye alimwacha mwanawe. Ni kweli, kisa kimo katika Sahih al-Bukhari. Alimwacha Hajar na Ismail bondeni na mfuko wa tende na kiriba cha maji. Lakini tukisome vizuri. Aliamrishwa, na Hajar alimuuliza mpaka akahakikisha kwamba ni amri ya Allah. Mtoto alibaki na mama yake. Na baba alipofika mahali ambapo hawamwoni, aligeuka akaelekea kwenye Nyumba akaomba dua tunayoikuta katika Surat Ibrahim aya ya 37. Angalia mpangilio wa dua ile. Aliomba kwanza nyoyo za watu ziwaelekee, ndipo akaomba wapewe matunda. Bonde lilikuwa halina mmea hata mmoja, na bado matunda yalikuja baadaye katika ombi.

Sisi tumegeuza. Mzazi anaondoka akiwa amepanga matunda yote: karo, kodi ya nyumba, gunia la mchele, simu mpya. Nyoyo hazikupangwa. Nani atamsikiliza huyu mtoto usiku akiota vibaya? Msichana wa miaka kumi na miwili akibaleghe, nani atamfundisha twahara? Mara nyingi jibu ni "bibi yupo". Bibi yupo kweli, na Allah amlipe kheri. Mimi mwenyewe nimelelewa na bibi mzaa mama, mama yangu akiwa Maskati miaka sita, na nasema bila kusita kwamba sikukosa mapenzi. Lakini nataka mjue jinsi simu ilivyokuwa. Maskati iko mbele ya Bujumbura kwa saa mbili, kwa hiyo mama akimaliza kazi usiku, sisi tulikuwa hatujalala. Simu iliwekwa spika, chumba kimejaa watu: bibi, mjomba, jirani aliyekuja kusalimia na kukumbusha deni lake. Mtoto anaulizwa, "Hujambo mwanangu, unasoma?" Atajibu nini mbele ya hadhara hiyo? Sijambo mama, nasoma. Hata kama jana alipigwa, au hajakwenda madrasa wiki tatu, atajibu hivyohivyo, kwa sababu simu imeshikwa na yule anayempa chakula. Mama kule anakata simu akiwa ametulia.

Sheria yetu haikuacha jambo hili hewani. Mwaka wa 7 Hijria, katika safari ya Umra, binti yake Hamza (R.A.) aliyeuawa Uhud aliwafuata Waislamu walipokuwa wakitoka Makka. Ali, Ja'far na Zayd (R.A.) wakagombea kumlea. Hebu fikiri, wanaume watatu wanagombea mtoto wa kike asiye na urithi wa kutajika! Mtume (S.A.W.) alihukumu akae kwa Ja'far, kwa sababu mke wa Ja'far alikuwa khala yake, na akabainisha kwamba khala ana daraja ya mama. Kiswahili chetu kinalijua hilo siku nyingi, ndiyo maana tunamwita mama mdogo. Ila tukumbuke kwamba alikabidhiwa mbele ya watu, kwa jina, na sababu ikatajwa. Watoto wetu wengi hawakabidhiwi. Wanaachwa tu, wiki moja kwa bibi, muhula mmoja kwa shangazi, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayehusika.

Imepokewa pia kwamba Umar (R.A.) alipomsikia usiku mwanamke akilalamikia mumewe aliyekuwa jihadini, alimuuliza bintiye Hafsa, kisha akaweka mpaka wa muda wa askari kukaa mbali na nyumba zao, wapokezi wametofautiana kama ni miezi minne au sita. Mkataba wa Uarabuni kwa kawaida ni miaka miwili, na wengi huongeza mwingine.

Nirudi kwa dada yake Musa, maana yeye ndiye anayetuhusu sisi wanafunzi. Mama yake Musa alilazimika kumtia mtoto mtoni, na Qur'ani inasema moyo wake ukabaki mtupu. Hakuweza kufuata yeye. Akamwambia binti yake amfuatilie. Binti hakuwa na mali wala cheo. Alitembea kandokando akimwangalia mdogo wake kwa mbali, na saa ilipofika alifungua mdomo mbele ya watu wa Firauni akasema neno moja la busara, na mtoto akarudi kwa mama.

Jumuiya yetu kila Ramadhani hugawa futari na nguo kwa mayatima, na orodha huandikwa kwa sharti la kisheria: yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Sharti ni sahihi na tusiliguse. Lakini mtoto ambaye baba hajulikani alipo na mama yuko Riyadh hamo katika orodha hiyo, na wala hamo katika orodha ya wenye wazazi, kwa sababu siku ya wazazi shuleni hakuna anayekuja. Hapa hapa Mbale, katika madrasa ambazo baadhi yetu hufundisha Jumamosi, watoto hao wapo. Tunaweza kuwa na orodha ya pili. Isiwe ya kugawa nguo, kwani nguo wengine wanazo kuliko sisi. Iwe ya kujua nani kaachwa kwa nani, nani kaacha kuja, na nani anahitaji mtu mzima wa kusimama naye shuleni. Na anayeweza, ampe mtoto simu yake, atoke nje, amwache azungumze na mama yake peke yake.

Waliokubali kuianza orodha hiyo tukutane msikitini baada ya Alasiri siku ya Ijumaa, inshallah. Akina dada waje pia, kwa sababu nusu ya watoto wenyewe ni wasichana na kuna mambo hawatatueleza sisi.