Nyumba ya Watu Wengi na Miezi ya Mwaka

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa mume na mke akatujaalia jamaa na wakwe. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na ahali zake, na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, twataka leo kusema juu ya nyumba yenye watu wengi, na jinsi mwaka unavyoipitia. Mfano tutakaoushika si wa Mombasa wala wa Lamu, bali ni wa Eastleigh, Nairobi, mtaa ambao wenyeji wake wauita Islii. Huenda mtu akauliza: Yatuhusu nini sisi watu wa pwani mambo ya Nairobi? Jawabu ni kuwa yatuhusu sana. Watoto wetu wangapi wako huko kwa kazi na masomo! Na nguo tuzivaazo Iddi, nyingi zimepita katika maduka ya Eastleigh kabla ya kufika kwetu. Na Pumwani, iliyo ubavuni mwake, imekuwa na nyumba za Waswahili tangu miaka ya 1920. Tena ada za nyumba ya kule ndizo ada za nyumba zetu, illa kule zaonekana wazi zaidi kwa kuwa watu wamebanana.

Mtaa huo ulianzishwa mwaka 1921, ukakaliwa zamani na Wahindi wengi pamoja na Wasomali na wengineo. Ilipovunjika dola ya Somalia mwaka 1991, watu wengi walikimbilia hapo. Na nyumba moja ya wageni, ikiitwa Garissa Lodge, vyumba vyake vya kulala vikageuzwa maduka, na biashara ikatapakaa mpaka ikawa soko la Kenya nzima na nchi za jirani. Hayo ni mashuhuri, hatuna haja ya kuyarefusha. Lisilotajwa sana ni kwamba vita vile viliacha mayatima na wajane, na wengi katika hao waliingia katika nyumba za jamaa zao, wakalala walipolala watoto wa nyumba na wakala walichokula.

Basi piga mfano wa nyumba ya vyumba vitatu katika orofa ya nne. Humo mna watu 14: baba na mama, watoto wao 7, bibi mzaa baba, shangazi aliyefiwa na mume, na watoto 3 wa ndugu yake baba, mayatima. Kabla ya alfajiri mama na binti mkubwa wamekwisha amka kupika anjera. Maziwa ya ngamia huja kwa basi kutoka Isiolo, na bibi hakubali chai isiyokuwa nayo. Watoto wadogo huenda duksi, ndicho tukiitacho sisi chuo, kisha skuli. Baba hushuka dukani. Na shangazi huuza shungi na manukato penye ngazi ya jengo. Watu hurudi usiku, kila mmoja kwa saa yake, na kila arudiye hupashiwa chakula. Hiyo ndiyo siku ya kawaida, kabla haujaandama mwezi wowote.

Sasa uandame mwezi wa Ramadhani. Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta Mwenyezi Mungu ametuhafifishia. Saumu yetu ni kama saa 13 na nusu mwaka mzima, ilhali jamaa zetu walioko London na Minneapolis, ikiwaangukia katika kiangazi chao, hufunga saa nyingi zaidi. Lakini hebu tazama tahafifu hiyo imemwendea nani. Kuanzia adhuhuri mama na binti wako jikoni. Sambusa, uji, nyama, wali, tambi, na sharubati ya namna mbili, kwani mmoja hanywi ya ukwaju. Adhana ya magharibi ikilia wanaume wamekaa. Wanawake wafungua kwa tende wakiwa wima. Wanaume huenda tarawehe, na wanawake wabaki na vyombo vya watu 14. Saa nne ya usiku vyombo vimekwisha, na daku ingali yangoja. Binti huyo wa miaka 16 ukimuuliza amesoma juzuu ngapi mwezi huu, atainamisha uso.

Huenda mtu akasema: Mwanamke apikiaye wafungao anapata thawabu. Ni kweli, wala hatupingi. Lakini twauliza: thawabu hizo, mbona wanaume wamezikimbia zote wakamwachia yeye? Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, akajibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumbani, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Bukhari, na kila mmoja wetu ameisikia. Huyo ndiye mbora wa viumbe. Sasa kijana wa miaka 19 ambaye ndevu zimemtoka juzi aona haya kuosha sinia aliyolia mwenyewe! Wengine husema hiyo ni mila. Naam, ni mila, lakini si dini, na mtu asiyavishe mavazi ya dini mambo ambayo dini haikuyashona.

Na lililo kubwa zaidi ni kumi la mwisho. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) lilipoingia kumi hilo alikuwa akikesha usiku na kuwaamsha watu wa nyumbani mwake kwa ibada. Sisi pia twawaamsha watu wa nyumbani, lakini twawapeleka dukani. Katika masiku hayo njia za Eastleigh hazipitiki kwa watu na mizigo. Maduka hukesha, na wateja hukesha nayo. Wala tusimcheke Mnairobi, kwani Mombasa nayo katika masiku hayo si tafauti. Ada ya kununua nguo mpya haina ubaya, na kumfurahisha mtoto siku ya Iddi ni jambo jema. Lakini nguo za watoto zaweza kununuliwa katika mwezi wa Shaabani, bei ikiwa bado ya kiungwana, na kumi la mwisho likaachwa kwa liliyowekewa. Mwenye duka naye asidhani tumemsahau: nusu saa ya kufunga mlango kwa tarawehe haijamfukarisha mtu.

Khalafu yaja Zakatul Fitri, nayo katika nyumba kubwa ina hisabu ambayo wengi huipita mbio. Kiasi chake ni pishi moja kwa kichwa, yaani vibaba vinne, cha chakula kinacholiwa zaidi katika mji. Ukihisabu pishi kwa kilo 2 na nusu, nyumba yetu ya watu 14 ni kilo 35 za mchele; na mwenye kuchukua ihtiyati ya kilo 3, ni 42. Lakini si zote ni juu ya baba. Katika madhhab yetu ya Shafi, baba humtolea mwenyewe, na mkewe, na watoto wake wadogo wasio na mali, na mama yake akiwa hana kitu. Mtoto wake mkubwa mwenye kazi hujitolea. Shangazi mwenye biashara yake hujitolea mwenyewe, na kaka yake akitaka kumtolea, sharti apate idhini yake. Mayatima wenye mali hutolewa katika mali yao. Na mtoto aliyezaliwa, tuseme, katika hospitali ya wazazi ya Pumwani, iliyoko hapo jirani tangu mwaka 1926, akizaliwa kabla ya jua la siku ya mwisho kuchwa ana fitri. Akizaliwa baada yake hana. Ajabu ni kwamba nyumba hiyohiyo yajua bei ya pazia la Iddi mpaka senti, lakini fitri hutolewa asubuhi kwa haraka, kwa kukisia, na pengine baada ya sala, ilhali baada ya sala ya Iddi huwa ni sadaka kama sadaka nyingine.

Tukumbushane na mwaka 2020. Tarehe 6 Mei mwaka huo, katikati ya Ramadhani, serikali ilitangaza kufunga mitaa miwili kwa sababu ya maradhi ya korona, hakuna kuingia wala kutoka: Eastleigh ya Nairobi na Mji wa Kale wa Mombasa. Misikiti ilikuwa imefungwa tangu Machi. Iddi ya tarehe 24 Mei ilitukuta ndani, wao na sisi, na mitaa haikufunguliwa ila mwezi wa Juni. Ulikuwa msiba, na watu waliokula kwa kipato cha siku waliona njaa. Lakini katika nyumba nyingi baba alisalisha tarawehe sebuleni, na mkewe na mama yake na binti zake nyuma yake, na wengine ilikuwa mara yao ya kwanza kusali tarawehe mwezi mzima. Wanaume walikaa nyumbani mchana kutwa, wakaona kwa macho yao kazi ya jikoni inaanza saa ngapi na kwisha saa ngapi. Basi milango ilipofunguliwa, mbona tuliyasahau tuliyoyaona?

Iddi ikipita huja Mfunguo Mosi na harusi zake, kisha Mfunguo Tatu na kuchinja, na hayo yana darsa zake. Nataka nifikilie mwezi ambao haumo katika miezi yetu ya Kiislamu lakini waishika nyumba kooni: Januari, mwezi wa skuli. Mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, ndiyo sababu Ramadhani yarudi nyuma. Mwaka 2020 ilianza mwishoni mwa Aprili. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Na mwaka 2030, kwa hisabu ya wanajimu, itaanza mwanzoni mwa Januari, kisha Ramadhani nyingine itaanza mwishoni mwa Disemba ya mwaka huohuo. Maana yake ni kwamba gharama za futari na Iddi na gharama za skuli zaendea kukutana mlango mmoja.

Zikikutana, nani atatolewa? Twajua sote, ingawa hatusemi. Hatatolewa mvulana mkubwa. Atatolewa binti yule aliyekuwa jikoni, aambiwe akae mwaka mmoja amsaidie mama yake. Na watatolewa mayatima. Na hapa pana hatari kubwa, kwani jamaa walioko nje huleta fedha kila mwezi, na aghalabu husema: Hizi ni za watoto wa marehemu. Fedha hizo huingia katika mfuko mmoja na fedha za nyumba. Kuchanganya si haramu. Ilipoteremshwa aya ya kuonya juu ya mali ya mayatima, masahaba walitenga hata vyakula vya mayatima mpaka vikawa vyaharibika, ikawa taabu. Ndipo Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara akaruhusu kuchanganyika nao, akatukumbusha kuwa wao ni ndugu zetu, na kwamba Yeye amjua mwenye kuharibu na mwenye kutengeneza. Basi ruhusa ni ya kupika chungu kimoja. Haikuwa ruhusa ya kununulia makochi ya Iddi karo ya yatima, kisha kumwambia fedha hazikuja.

Dawa yake haiko mbali. Wanawake wa Eastleigh wana mchezo wao wa kupeana fedha kwa zamu, wauitao ayuuto, neno la asili ya Kitaliano lenye maana ya msaada, na kwa mchezo huo wamesomesha watoto na kufungua maduka. Nasi tunayo michezo yetu. Zamu ya nyumba na ipangwe iangukie Disemba, iwe ya skuli, isiguswe kwa jambo jingine. Na siku chache baada ya Iddi, wakati hisabu ingali mbichi, baba akae na watu wake waandike katika daftari: mchele, fitri, nguo, karo ya kila mtoto kwa jina lake, na ukurasa wa peke yake wa fedha za mayatima, zilizoingia na zilizotoka. Mama na shangazi wawepo katika kikao hicho, kwani wao ndio wajuao unga umebaki kiasi gani na kiatu cha nani kimepasuka. Na ukurasa wa mayatima usomwe mbele ya mayatima wenyewe, hata wakiwa wadogo.

Wabillahi tawfiq.