Mzazi Aliyechoka Chini ya Mretemu

Somo: 1 Wafalme 19:1–21

Jumapili iliyopita nilianza kwa kuomba msamaha, na kwa wale ambao hawakuwepo naurudia hapa kwa maandishi. Mwezi wa Januari nilihubiri juu ya kuhani Eli. Mnakumbuka Biblia inavyoeleza kwamba alikuwa mzee, tena mzito, akaanguka kutoka kitini na shingo ikavunjika. Nilipofika hapo nikageukia upande wa akina mama nikasema kuna viti vya plastiki humu ndani vinahitaji maombezi. Kanisa likacheka. Na mimi nikacheka.

Dada mmoja hakucheka. Alikuwa akikaa safu ya pili. Tangu siku ile akawa anakaa nyuma karibu na mlango, na kabla ya baraka ameshatoka. Mimi sikuona, ni mke wangu aliyeona. Alipomtembelea Februari, dada akamwambia: "Mama Pasta, mimi najua nimenenepa, sihitaji kuambiwa na maikrofoni. Kila mwaka mpya naapa nitapunguza. Lakini naamka saa kumi na nusu alfajiri, watoto watatu, uji, yunifomu, nikimbilie dukani Biashara Street, nisimame mpaka jioni, nirudi nipike, nisimamie kazi za shule, nifue. Sasa hiyo hamu ya kupunguza mwili niitoe wapi?"

Ameniruhusu niandike haya bila jina lake. Nilimwendea mwenyewe nikamwomba radhi wiki ile ile. Mbele ya kanisa nimechelewa hadi mwezi huu wa Mei, na hilo nalo ni kosa.

Wacha niseme na langu. Wakati nikifanya ule mzaha nilikuwa na kilo 104. Wiki mbili baadaye tulipopimwa afya hapa kanisani, muuguzi alinipima presha mara mbili, halafu akaninyamazia. 150 kwa 96. Nina miaka 36. Baba yangu aliondoka kwa kiharusi akiwa na miaka 52, mimi nikiwa kidato cha tatu, na ndugu zangu wawili bado wako msingi. Jioni ile binti yangu aliniambia, "Baba, nifukuze," tukiwa Mama Ngina, pale kwenye mibuyu. Nilimfukuza kama hatua ishirini nikasimama, nimeshika magoti. Akarudi akaniuliza kama naumwa.

Si sisi wawili peke yetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015 ulipata kwamba zaidi ya robo ya Wakenya watu wazima wana uzito uliozidi, na kwa wanawake ni karibu 4 kati ya 10. Kwa hiyo ukiangalia safu yako Jumapili, hili neno ni la wengi. Mwili ni hekalu, tunalihubiri hilo kila siku tukikemea pombe na sigara, halafu tunatoka nje kugawa soda na keki. Soda moja ya mililita 300 ina sukari yapata vijiko 8 vya chai. Si nimesema wacha niseme?

Sasa tumwangalie Eliya. Huyu si mtu mvivu. Ametoka mlima Karmeli, moto umeshuka mbele ya macho ya watu, ametimua mbio mbele ya gari la mfalme. Kisha Yezebeli anatuma ujumbe mmoja tu, na mtu wa Mungu anaishiwa. Angalia mstari wa tatu: anamwacha mtumishi wake Beer-sheba na kwenda jangwani peke yake. Anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Hamu imekwisha. Hata ya kuishi.

Ningekuwa mimi ndiye malaika, kwa tabia yangu ya Januari, ningemkemea. Ningemwambia nabii mzima unakaaje hivyo, funga siku 21. Lakini Mungu hakumhubiria kwanza. Alimwacha alale. Halafu malaika akamgusa, akamwonyesha mkate na maji. Akala, akalala tena! Malaika akarudi mara ya pili, akampa chakula tena, na sababu aliyompa ni kwamba safari ni kubwa kuliko nguvu zake. Ndipo akatembea siku arobaini mpaka Horebu. Maswali mazito yalikuja baadaye, pangoni.

Mpendwa mzazi, wewe umekuwa ukianza pangoni. Unajiuliza kwa nini sina nidhamu, kwa nini nimeshindwa tena, na hujalala. Mwili usiolala unadai chakula zaidi, na unadai kile cha mafuta na sukari. Saa nne usiku watoto wamelala, nyumba imetulia, huo ndio wakati wako pekee wa kuwa mtu, na mkono unaenda kwenye mahamri yaliyobaki asubuhi. Hiyo si pepo ya ulafi, usikimbilie kuikemea. Ni uchovu. Dawa yake ya kwanza ni kulala saa nne badala ya saa sita.

Na hapa nazungumza na akina baba, nazungumza na mimi pia. Malaika wa mke wako ni wewe. Ukitoka kazini ukakaa kibarazani na kahawa na kashata mpaka saa mbili, halafu unauliza mbona mama watoto ameachilia mwili, jiulize ni nani amemletea mkate na maji. Shika mtoto nusu saa. Osha vyombo, hutakufa.

Nilisomea biashara chuoni, na kuna jambo moja ambalo mtu yeyote wa Mombasa analijua bila kwenda chuo. Hoteli za huku hujaa Desemba. Ikifika Mei, mvua ya masika inapiga, vyumba vitupu, wafanyakazi wanatumwa nyumbani. Mwenye hoteli anayepanga matumizi yake kwa hesabu ya Desemba anafunga mlango Mei. Hamu ni wageni wa Desemba. Januari unayo, imejaa mpaka inamwagika, unaahidi Bwana na watu kwamba utakimbia kila asubuhi. Usipange kwa hamu ile. Panga kwa siku ile mbaya zaidi: mtoto ana homa, umeme umekatika, matatu imekwama Makupa, mvua inanyesha. Siku hiyo unaweza nini? Hicho unachokiweza siku hiyo ndicho mpango wako. Ukizidisha siku nzuri, hiyo ni faida.

Dada yetu alikaa na mke wangu wakachukua daftari wakaandika kama hesabu za duka. Si chakula chote, maana nani ana muda huo. Chai tu. Vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu. Vijiko kumi na viwili, kila kijiko kama gramu 4. Kwa mwezi inakaribia kilo moja na nusu ya sukari, mtu mmoja, kwa chai pekee. Alishtuka kuliko alivyoshtuka kwa mzaha wangu. Akashuka hadi kijiko kimoja, polepole, kwa wiki nne. La pili, anashuka kwenye matatu Posta kabla hajafika, anamalizia kwa miguu, na jioni vivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kumtoa pumzi kidogo, na hazihitaji kuja zote kwa mpigo. Yeye kwa kugawagawa anazifikia bila jimu na bila kuamka mapema zaidi. La tatu ni usingizi. Basi.

Imepita wiki kumi na moja. Amepungua kilo mbili na nusu. Kuna wiki mbili mizani haikusogea kabisa, mdogo wake alikuwa amelazwa. Alirudi wiki ya tatu pale pale alipoachia, hakuanza kujilaani upya. Mimi nimefika 101, na presha daktari anaifuatilia kliniki.

Kilichonishinda zaidi mimi ni matembezi ya kichungaji. Ukiingia nyumba tano, umekunywa chai tano na mahamri na mbaazi. Mwezi wa tatu nilikataa kwa bibi mmoja kule Majengo, akaniuliza, "Mwanangu pasta, kwani chai yangu ina nini?" Nilikosa la kusema. Sasa naomba mapema: "Mama, leo nipe maji na hamri moja, na unisindikize mpaka barabarani." Hajawahi kukataa mmoja. Mazungumzo ya njiani yamekuwa mazuri kuliko ya mezani, kusema kweli. Nawaomba wapendwa, mkiniona nakula kidogo msione nimewadharau.

Neno kuhusu mfungo. Mtu asitumie mfungo wa kanisa kama njia ya kupunguza mwili, halafu akautangaza kama kiroho. Mama mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye dawa za sukari au presha, zungumza kwanza na kliniki kabla ya kufunga au kubadilisha chakula. Hakuna atakayekuhesabia upungufu wa imani.

Rudi kwenye sura yetu, mwisho kabisa. Eliya aliyemwacha mtumishi wake nyuma akaenda peke yake, Mungu anampeleka kwa Elisha. Anampa mtu wa kutembea naye. Dada yetu amerudi safu ya pili, na ni yeye aliyetoa wazo hili, si mimi: kila Jumamosi, maombi ya alfajiri yakiisha, tunakutana mbele ya lango la Fort Jesus saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tunapita Ndia Kuu mpaka bandari ya zamani na kurudi, kwa mwendo wa watoto karibu nusu saa. Hatuimbi, ni mapema na majirani wa Mji wa Kale wamelala. Viatu vyovyote ulivyo navyo. Mizani haiji, na pasta haleti mzaha. Mtoto kama huna wa kumwachia, njoo naye, binti yangu anatafuta wa kumfukuza.