Kabla Hujafunga Begi la Mlima

Gugu Zulu hakuwa mtu legelege. Alikuwa dereva wa mashindano ya magari wa Afrika Kusini, mwenye jina kubwa kwao, mtu wa mazoezi, umri wake miaka 38. Julai 2016 alikwenda Tanzania na mkewe, Letshego, kupanda Kilimanjaro pamoja na msafara wa Trek4Mandela. Safari yenyewe ilikuwa ya heri: kuchangisha pesa za pedi kwa wasichana wa shule, wale wanaokosa masomo kila mwezi kwa sababu hawana cha kujisitiri. Tarehe ya kufika kileleni ilishapangwa, nayo ni 18 Julai, siku aliyozaliwa Mzee Mandela.

Tarehe hiyo hiyo ya 18 Julai, Gugu alifariki.

Naisimulia habari hii hapa Jabe, mtaani kwetu Bujumbura, kwa sababu sisi ni watu wa kuchangishana. Msiba, mgonjwa, ada ya mtoto wa jirani: daftari linapita na kila mtu anatia alichonacho. Siku kijana wetu akija kusema atapanda mlima au atakwenda kwa baiskeli hadi nchi ya pili ili watu watoe, tutampigia makofi, na ni haki yake. Lakini makofi nayo yana hatari yake, na hilo ndilo linalonisukuma kuandika.

Siku chache kabla ya kifo chake, Gugu aliandika mtandaoni kutoka mlimani. Alisema wamefika kambi ya pili. Alisema anahisi dalili kama za mafua na mlima unampa taabu, ila anakwenda hatua kwa hatua. Akaongeza kwamba siku hiyo wangepanda kidogo ili mwili uzoee, kisha warudi kulala pale pale.

Usome tena ujumbe huo, ndugu yangu, taratibu. Dalili ya mvua ni mawingu, na hapa wingu limeandikwa na mgonjwa mwenyewe, hadharani, kwa maneno mepesi. Mimi ningelikuwa miongoni mwa mashabiki wake siku ile, najua ningemjibu nini: jikaze kaka, tuko pamoja. Na wewe je?

Isidhaniwe kwamba lilikuwa kundi la watu waliojiendea tu. Aliyewaongoza ni Sibusiso Vilane, Mwafrika mweusi wa kwanza kufika kilele cha Everest, mwaka 2003. Watu wa tiba walikuwemo. Pumzi ilipomshinda Gugu walimtundikia dripu na kuanza kumteremsha, wakajaribu kila walichoweza. Simnyooshei mtu kidole. Nasema tu kwamba kama jambo hili liliwapata watu wenye uzoefu kiasi hicho, sisi wa bondeni tutasemaje?

Maana sisi ni wa bondeni kweli. Bujumbura iko kama mita 800 kutoka usawa wa bahari. Heha, mlima mrefu kuliko yote Burundi, haufiki mita 2,700. Sasa ichukue njia ya Marangu pale Kilimanjaro. Usiku wa kwanza unalala Mandara, kama mita 2,700, yaani umeshalala juu ya Heha. Wa pili unalala Horombo, kama 3,700. Kutoka hapo unakwenda kulala Kibo, kama 4,700. Kila unapohama, kitanda kimepanda mita elfu, na kilele bado, 5,895. Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Ndiyo sababu misafara mingi huongeza siku ya kupumzika Horombo, na ndiyo sababu wapagazi na waongozaji hawachoki kusema pole pole. Wengine husikia neno hilo kama utani wa watalii.

Nguvu za mwili hazisaidii sana hapa. Kijana anayekimbia mchakamchaka kila Jumamosi asubuhi hadi ufukweni na kurudi anaweza kupigwa na ugonjwa wa mwinuko wakati mwenzake mnene anakunywa chai. Tena mwenye nguvu ndiye anayejidanganya zaidi, kwa kuwa mapafu yake hayajawahi kumwangusha. Na ugonjwa wenyewe ni mjanja: unakuja na kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, usingizi mbovu. Ukizidi, kikohozi na kukosa pumzi hata ukiwa umekaa. Nani hataviita mafua? Kwa hiyo kanuni ya watu wa milimani ni kali: ukiugua huko juu, uhesabu ni mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo, na usipande tena hata hatua moja. Kuna zaidi ya hapo. Mafua ya kifua ya kweli nayo huongeza uwezekano wa maji kujaa kwenye mapafu. Kumbe hata ukijipa moyo kwamba ni mafua tu, hujapona.

Basi tuje kwenye siku ya mwisho kabla ya kuondoka. Uko mjini Moshi, chini ya mlima, begi limefunguliwa kitandani, mwongozaji amekuja kukagua. Anashika koti, anageuza viatu kuona soli, anauliza kama mfuko wa kulalia unahimili baridi. Kisha anakubana kidole na kile kidude chenye taa nyekundu kinachosoma oksijeni ya damu, anauliza: una kikohozi? Umelala? Unatumia dawa gani? Hapo ndipo watu wengi husema "niko fiti", na hapo ndipo uongo mdogo huwa mkubwa. Unamwambiaje kwamba tangu juzi koo linawasha, wakati fulana zimeshachapishwa jina la kituo cha yatima, picha zimeshatumwa, na shangazi zako wameshachanga?

Tunachosahau ni kwamba pesa zile zimeshatolewa. Msichana aliyenunuliwa pedi hatanyang'anywa kwa sababu wewe uliishia Horombo. Kazi ya hisani uliifanya ulipozunguka na daftari, ulipopiga simu, ulipoomba bila kuona haya. Kilele ni chako mwenyewe, kwa raha zako.

Martina Navratilova, bingwa wa tenisi mwenye mataji 18 makubwa ya mchezaji mmoja mmoja, alipanda mlima huo huo Desemba 2010 kuchangisha pesa za taasisi ya Laureus. Mwaka huo huo alikuwa ametibiwa saratani ya matiti. Siku ya nne alikatisha safari, akateremshwa, akalazwa hospitali Nairobi akiwa na maji kwenye mapafu. Aliishi. Sijasikia mtu akimdai kilele chake.

Na yuko Zack Kimotho wa Kenya, aliyepooza baada ya kupigwa risasi na majambazi. Mwaka 2012 alitoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu kuelekea Afrika Kusini, kama kilomita 4,000, kuchangia ujenzi wa kituo cha kutibu walioumia uti wa mgongo. Hakufika Afrika Kusini. Kampeni yenyewe iliitwa kwa jina la kumrudisha nyumbani, na Wakenya walichanga ili ageuze njia. Napenda akili ya mpango ule kuliko fulana zote.

Kwa hiyo, kijana wetu, siku ya mwisho usiku, kabla ya kufunga begi, mchague mwenzako mmoja na umpe mamlaka ya kusema "tunashuka" bila wewe kubisha. Mwambie mwongozaji ukweli wa koo lako. Kama una homa, ahirisha, hata kama tarehe ni ya Mandela.

Nasi tunaobaki Jabe tukishika simu, siku tukiona kutoka mlimani ujumbe wa mtu anayesema anahisi mafua lakini anajikaza, tusimpigie makofi. Tumwandikie ashuke leo, na tumhakikishie kwamba mchango wetu hatuurudishi mfukoni.