Noti Zilipozimika

Kishikwambi kilinizimikia katikati ya wimbo wa matoleo, hapa Malaba. Solfa, ule mfumo alioueneza Mwingereza John Curwen karne ya 19, ikatoweka. Nikabaki nautazama uso wangu kwenye kioo cheusi. Kwaya haikunyamaza. Mama mmoja wa sauti ya pili, asiyesoma noti hata moja, ndiye aliyetushika.

Basi wimbo hukaa wapi? Ningesema kwenye makaratasi yetu makuukuu, yenye madoa ya jasho na neno “pumua” kwa penseli. (Programu haitoki jasho.) Lakini Augustino, katika kitabu cha 11 cha Maungamo, anasema zaburi tunayoikariri hutoka kwenye matarajio ikaingia kwenye kumbukumbu, neno kwa neno. Karatasi hakuitaja.

Baada ya misa nilimshukuru yule mama. Akashangaa: “Kwani, mwalimu, wewe ulikuwa unasoma?”